Mdogo wangu, umeingia maabara ya bahari? Kaa nikwambie

Mdogo wangu,

Mama mdogo kanipigia jana usiku anapiga kelele kama vile umechaguliwa mbunge, kumbe umepata nafasi kwenye maabara ya ikolojia ya bahari, hongera sana mamaa, nimefurahi mpaka usingizi ukaniruka. Asubuhi nikaiona na status yako, mzamiaji kabeba mtungi mgongoni, samaki wa rangi rangi wamemzunguka, kasa anapita pembeni, umeandika "tukutane chini". Nikacheka peke yangu jikoni. Ndo nikasema acha niiandike hadharani kabisa maana najua hauko peke yako, wapo kibao wanaingia na picha hiyo hiyo kichwani, na mimi niliingia nayo.

Huko chini penyewe ni magotini. Miaka 2 ya masters nimeimalizia ghuba ya Chwaka, upande wa mashariki wa Unguja, na maji marefu kuliko yote niliyofanyia kazi yalinifika kiunoni, tena siku hiyo tulikuwa tunakimbia. We umeniambia supavaiza wako ni mtu wa majani ya bahari, basi jua kabisa utapewa majani. Wenzako watapewa matumbawe na watajidai sana, na sababu wanayo, matumbawe yana historia ya kuumiza, 1998 joto la El Niño liliyapausha karibu ukanda wote huu wa magharibi ya Bahari ya Hindi na mengi yakafa, kwa hiyo kila mgeni akija anauliza habari za matumbawe. Majani hakuna anayeyauliza. Mtalii akiyaona ufukweni analalamika yanachafua mchanga.

Na kabla hujaaibika siku ya kwanza kama mimi, majani ya bahari SIO mwani. Mi niliropoka mbele ya watu "huu mwani" na kimya kikatanda. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua, majani ya bahari ni mimea kabisa kama nyasi za kwenu Dodoma, yana mizizi, yana maua, yanatoa na mbegu, sema tu yamehamia kwenye chumvi. Samaki tasi akiwa mdogo anajificha humo humo, ndo maana ukimuona mzee anatega dema lake, ule mtego wa samaki, juu ya majani usidhani kakosea sehemu. Kasa anayala. Na nguva, yule wa hadithi za bibi, wa kweli yupo na chakula chake ndo hiki, ila Tanzania wamebaki wachache sana, wakionekana ni huko upande wa Rufiji na Mafia.

Wiki ya kwanza utafundishwa majina na utalia. Mi nililia kweli, chooni. Aina zinapita 10 na nyingine ukiziangalia ni mapacha. Halophila ovalis haina shida, jani lake ni kama kijiko kidogo. Enhalus nayo ni ndefu kama mkanda, utaijua hata usiku. Shida ni Cymodocea, zipo 2, rotundata na serrulata, na kila mtu atakwambia "utazoea" bila kukwambia utazoeaje. Nakwambia mimi: shika ncha ya jani, ipitishe kucha taratibu, ikikwaruza kama msumeno mdogo hiyo serrulata, ikiwa laini ya mviringo ni rotundata. Na ncha ikiwa imeliwa na samaki, maana mara nyingi imeliwa, tafuta jani changa la katikati. Sio uchawi, ni kucha tu, kwa hiyo usizikate sana.

Sasa kitu kitakachotawala maisha yako sio supavaiza, ni maji. Utajifunza kuhesabu mwezi kama wavuvi. Majani unayafikia vizuri siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanapwa mpaka unaona ghuba imegeuka uwanja, siku za maji mafu, yasipopwa sana, kaa maabara uoshe chupa. Na kwa huku kwetu bamvua ina tabia moja, maji yanakuwa yametoka kabisa kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi hivi, yani jua ndo linaanza kukukalia utosini na wewe umeinama. Shingo yangu ya nyuma ilibabuka ikawa rangi ya maandazi. Una kama masaa mawili na nusu, matatu ukiwa na bahati, halafu yanarudi, na yakirudi hayakupigii hodi, unashtukia tu kile kimfereji ulichovuka kwa kifundo cha mguu sasa kiko pajani. Kesho yake yanachelewa kama dakika 50, kesho kutwa tena 50, ratiba ya fildi yote inapangwa hivo, harusi za watu utazikosa.

Kazi yenyewe ukimsimulia mtu anaona unamtania. Unanyoosha tepu ya mita 50, kila mita 5 unalaza fremu ya mraba ya nusu mita kwa nusu mita, wanaiita kwadrati, unainama unakadiria majani yamefunika asilimia ngapi, aina gani na gani, urefu wa jani, unaandika, unasogea. Ukianzia sifuri zinakuwa kwadrati 11 na sio 10, hapo kila mwanafunzi mpya anakosea. Mistari 3 ni 33. Afu zingine unachimba na mizizi yake unaenda kuosha maabara kwa maji baridi, unakwangua kwa wembe vile vidude vilivyoota juu ya jani, unaweka kwenye oveni nyuzi 60 siku mbili, unapima. Chumba kizima kinanuka, na harufu inakufuata mpaka kwenye daladala, nimewahi kuachiwa siti nzima.

Miguu yako usiinyanyue ukitembea, iburute, taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akisikia mchanga unatikisika anaondoka zake, ukimkanyaga mgongoni atakuchoma na huo ndo mwisho wa bamvua yako. Vaa raba, sio ndala. Na kuogelea jifunze, najua huko kwenu maji ni ya ndoo, mi mwenyewe nimejifunza nikiwa na miaka 23 na mwalimu wangu alikuwa mtoto wa darasa la 5 aliyekuwa ananicheka waziwazi. Hakuna aibu. Aibu ni ile niliyoipata siku boti imekwama na mimi ndo niliyebaki nimekumbatia boya.

Kijijini ingia kwa adabu. Vibali vya chuo vipo sawa lakini kama hujamuona sheha, kiongozi wa mtaa huku Zanzibar, na kamati ya wavuvi we bado mgeni unayezurura na fremu. Funga kanga yako juu ya leggings, salimia, shikamoo zisikupungukie. Na kina mama wa mwani usiwapite kama nguzo. Kilimo cha mwani huku kilianza kibiashara 1989 kule Paje na Jambiani, wengi wanaolima ni wanawake, wanapigilia vijiti kwenye mchanga, wanatandika kamba, wanafunga miche kwa tai-tai, vile vikamba vyembamba, wameinama kama wewe ila wao wamefanya hivo miaka 30. Aina ya mwani inayoitwa cottonii ndo yenye bei lakini maji yakipata joto inaumwa inakatika katika, wamebaki na spinosum ya bei ndogo. Wakati mwingine wanang'oa majani ili wapate nafasi ya kamba, na sisi tunakuja na karatasi zetu kupima majani yaliyong'olewa, sasa fikiria unamsalimia vipi mtu huyo. Mi sina jibu la kitabuni, nilianza kwa kuwasaidia kubeba magunia.

Haya, sasa kile kilichonifanya niandike.

Bamvua yangu ya pili tulichelewa kuanza, gari ilipata pancha, na mstari wa tatu tulipoanza kuunyoosha kuelekea kwenye maji marefu maji yalikuwa yameshageuka. Tukafanya kwadrati 4. Zilizobaki 7 hatukuzifikia. Kwenye karatasi nikaacha wazi, vibox saba vyeupe, tukakimbia. Usiku niko chumbani naingiza kwenye Excel, macho yananichoma, kesho yake supavaiza anataka faili, na ile programu ya takwimu mara ya mwisho ilinigomea kwa sababu ya sehemu zilizo wazi. Nikajaza 0. Zote saba. Wala sikuhisi nafanya kitu kibaya, nilijisemea si hakuna kitu hapo? Hakuna namba, basi sifuri.

Miezi ikapita. Nikachora grafu yangu ya kwanza, nzuri mno, mstari unaporomoka, majani upande wa nje wa ghuba yanakwisha! Mwili ukanisisimka kabisa. Nikaanza kuandika na sababu, wavu wa juya unaburuza, mashamba ya mwani, joto, nilikuwa na aya 3 nimeshamaliza na zinasomeka kitaalamu. Bamvua iliyofuata niko Chwaka nimekaa na bi mmoja anasafisha mwani wake nikamwambia kwa huzuni ya kisomi, majani yenu kule nje yanapotea. Akaniangalia. Akasema "Yanapotea yanakwenda wapi? Jana nimepita pale natafuta chaza, yananizonga miguu."

Mwanzoni nilimpuuza, nakwambia ukweli. Nikajisemea yeye anaona kwa macho, mimi nina data. Lakini ile "yananizonga miguu" haikunitoka. Usiku nikatoa karatasi zangu za penseli, nikakuta vile vibox saba vyeupe, na mikono ikawa ya baridi palepale. Yule bi alikuwa amefika. Mimi sikufika, na nimeandika hakuna kitu.

Siku 2 nilizunguka na jambo hilo tumboni. Nikapanga uongo, nikapanga na kufuta kimya kimya bila kumwambia mtu, wallahi nilifungua faili nikalifunga mara sijui ngapi. Mwisho nikaingia ofisini kwa supavaiza nikaweka karatasi mezani. Akaangalia karatasi, akaangalia skrini. Akaniuliza swali moja tu, "Hii sifuri umeitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Hakunifokea, na ningependelea anifokee. Akaniambia niingize upya kila kitu kutoka kwenye karatasi, bamvua zote, sio hiyo moja, kwa sababu sasa hata mimi sijui ni wapi pengine nimefanya hivo. Siku 9. Nikakuta pengine pawili.

Kwa hiyo siku ukifika kwenye kwadrati ukainama ukaona mchanga mtupu, andika 0, hiyo sifuri umeifanyia kazi, umeiona kwa macho yako. Usipofika andika NA, yani haikupimwa, na pembeni andika kwanini, maji, mvua, pancha, umeumwa na tumbo, chochote. Programu ikigoma igome, wapo watu wa kukuelekeza. Na ukiwa hujui ni serrulata au rotundata weka alama ya kuuliza, chukua jani ukaangalie maabara. Tumia penseli, wino wa peni ukigusana na maji unakimbia. Piga picha karatasi kabla hujapanda gari.

Mengine ya maabara utayaona mwenyewe. Uliza mapema nauli ya fildi inatoka wapi, mi nilikuwa natoa mfukoni miezi 4 nikiogopa kuuliza nisionekane na njaa. Uliza pia jina lako litakaa wapi kama kazi yako itachapishwa, uliza mwanzoni wakati bado mnacheka pamoja. Watakuja wageni wa wiki mbili wana vifaa vizuri kweli, utabeba ndoo zao, sawa, beba, ila na wewe jifunze hicho kifaa kinavyofanya kazi na nakala ya data iliyochukuliwa ibaki. Na ukishapata la kusema wewe mwenyewe, WIOMSA, ile jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya ukanda wetu, ofisi zao zipo hapo hapo Zanzibar tangu miaka ya 90, wana ruzuku za utafiti na mkutano kila baada ya miaka miwili, usisubiri uambiwe.

Bamvua yako ya kwanza nitakuja, nishaangalia kalenda ya maji, nitasimama pembeni wala sitaongea (nitajaribu). Raba zangu za fildi zipo uvunguni kwa mama, namba 38, zimekakamaa ila zikiloa zinalainika. Humo humo kuna begi la bluu lina kofia, tepu, na faili la plastiki lenye karatasi za Chwaka. Tepu chukua, kofia chukua. Karatasi niachie, ila ile ya juu kabisa yenye vibox saba iangalie kwanza. Penseli ipo bado imefungwa pale pembeni na kikamba cha tai-tai, ichonge tu.

Dada yako