Rehema, njoo uchukue vipande vyako

Dodoma, Julai

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ni baridi tu na huu upepo unaotupuliza vumbi mpaka kwenye sufuria. Baba Neema anakusalimu. Neema hajambo, mlenda bado hataki, sijui ni Mgogo wa wapi huyu. Habari za Bi. Zulfa nimezipata kwa Kessy, mpe pole sana, nitampigia mwenyewe. Na kimya chako tutakizungumza siku nyingine, leo nina shida.

Juma lililopita umeme ulikatika jioni ukarudi alfajiri. Dodoma ya Julai unaijua usiku ilivyo. Tangi langu la matumbawe huwa nyuzi 25, likashuka mpaka 21. Baba Neema akawa anachemsha maji, mimi najaza kwenye chupa, nafunga, naziweka zielee humo ndani moja moja. Pampu ndogo ya betri ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu matumbawe yanaweza kukaa gizani siku nzima yasidhurike, lakini maji yakisimama oksijeni inaisha upesi. Kulipokucha yote yalikuwa hai, ila yamejikunyata. Baba Neema akaniuliza, hivi haya yakifa utayapata wapi tena? Nikakosa jibu. Yule mzee wa Oysterbay aliyenipa haya alishaondoka na tangi lake halipo tena.

Basi nakuomba uchukue vipande. Usiseme ni zawadi, nakuwekesha akiba. La kwangu likizimika, nakuja kukata kwako. Wafugaji wote wa matumbawe wanafanya hivyo, wanagawiana ili aina isipotee mikononi mwa mtu mmoja.

Najua utaanza: utayaua kwa kuyakatakata. Wewe si umekulia Hombolo kwenye zabibu za baba? Mzabibu mlikuwa mnaukata pingili, mnachomeka, unaota, na mama yake anaendelea kuzaa. Haya nayo ni hivyo hivyo. Tumbawe moja ni ukoo mzima wa wanyama wadogo, polipu, kila mmoja na mdomo wake, na wote ni nakala ya mmoja. Kipande chenye polipu chache tu kinaanza ukoo wake. Hata baharini wimbi kali huvunja tawi, likaangukia mwambani likashika.

Jumamosi nimekata tumbawe ngozi, lile laini. Ungekuwepo ungecheka. Unalitoa kwenye maji linanywea lote, linakuwa gumu kama soli ya kandambili, halafu ukipitisha wembe linateleza na kutoa ute mweupe wenye harufu iliyomfanya Neema akimbilie kwa jirani. Nikaacha shina kwenye jiwe lake, litaota kichwa kipya. Kile kichwa nikakigawa, vipande nikavisuuza kwenye bakuli la maji ya tangi yenye iodini. Sasa hapa ndipo kazi: supaglu haishiki kwenye ule ute, inabanduka kesho yake. Kwa hiyo nimeviweka kwenye kikombe chenye vijiwe, nikafunika na kipande cha chandarua, vijishikie vyenyewe taratibu. Yale magumu ndiyo rahisi. Montipora kwa mfano, unaimega kwa koleo, unaweka tone la supaglu nzito, unaibandika kwenye kipande cha kigae kisichong'aa, basi. Gundi inakauka hata ndani ya maji.

Zile za rangi rangi ulizozipenda kwenye picha, zoanthi, nitakukatia pia, ila nisikilize. Zina sumu kali, palitoksini. Glavu na miwani ya mafundi kila ukizishika, usikatie kwenye sinki la jikoni, na jiwe lake usilichemshe kamwe hata ukitaka kulisafisha, maana mvuke wake umelaza watu hospitali. Weka mbali na watoto wa mama Dani, wanashika kila kitu wale.

Na lile wazo lako la kunivunjia kipande kisiwani Mbudya, hapana! Pale ni hifadhi. Na matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hata mfupa wake mkavu huvushi mpaka bila kibali. Bahari yetu imeshapigwa baruti za kutosha, na lile joto la 1998 liliyapausha yakafa mengi. Mimi nakata ya nyumbani ili pale pasiguswe. Ya mzee yalikuja na karatasi zake, nakala nitakuwekea kwenye kasha.

Maji mimi nahangaika, ya bomba hapa yanajaza chokaa kwenye birika, lazima niyachuje kwa mashine ndipo niweke chumvi ya akwariamu, gramu 35 kwa lita, siyo ile ya mboga. Wewe una bahari mlangoni, lakini usichote karibu na mfereji wowote. Na tangi jipya usilikimbilie, mawe yakae humo kwanza mpaka ukipima amonia na nitriti, sumu za tangi changa, usome sifuri. Hiyo inaweza kuchukua mwezi na zaidi, tena ni afadhali, vidonda vya vipande vitakuwa vimefunga.

Sasa nijibu. Lile tangi la kambale wa shemeji liko tupu, au bado anaota utajiri? Linaingia lita ngapi? Umeme wa Kigamboni siku hizi ukoje, na ile inveta mliyonunua inabeba pampu? Unakuja mwenyewe au nimpe Kessy, anashuka Dar na treni ya mwendokasi mwisho wa mwezi ujao, kasha la stairofomu nzito ninalo? Safari haichukui hata saa nne, vitavumilia, ila unamwamini Kessy kutoliacha kasha juani akinunua karanga? Na mbona simu yako haipatikani jioni?

Wako,
Yusta