Bangaloo si nguzo za mbele peke yake

Mhariri,

Ramani za nyumba zinazouzwa mitandaoni siku hizi zimejaa bangaloo za mtindo wa Kimarekani uitwao Craftsman: nyumba ya chini, paa lililolala, baraza pana, na nguzo nene chini, nyembamba juu, zilizokaa kwenye vitako vya mawe au matofali. Ni nyumba nzuri na inafaa kujengwa huku kwetu. Tatizo ni kwamba nyingi zinazosimamishwa zimechukua nguzo na kuacha paa, wakati paa ndilo nyumba yenyewe.

Mtindo huu ulizaliwa na vuguvugu la Arts and Crafts (yaani sanaa na kazi za mikono) la Uingereza, la kina mbunifu William Morris, waliochukizwa na bidhaa za viwandani zilizorembwa ili kuficha zilivyotengenezwa. Jina lake la Kimarekani linatokana na jarida la The Craftsman, alilolianzisha Gustav Stickley mwaka 1901. Mfano wake mkubwa, Gamble House, uko Pasadena, California, na ulijengwa mwaka 1908 kwa michoro ya ndugu wawili, Charles na Henry Greene. Neno bangaloo lilitoka India, likiwa na maana ya nyumba ya Kibengali, na huku tunaliita hivyo jengo lolote lisilo na ghorofa. Craftsman inadai zaidi ya hapo: mbao inayoonekana kubeba mzigo iwe imeubeba kweli.

Tuanze na upenu. Paa la namna hii huwa na mwinamo wa nyuzi 18 hadi 27, na upenu hutoka nje ya ukuta sentimita 60 hadi 90. Wengi hupunguza hadi 30 ili kuokoa bati, kisha mvua ya upepo inalowesha kuta na rangi inabanduka. Piga hesabu ya jua pia. Dar es Salaam, jua la adhuhuri mwezi Juni huwa upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho, na upenu wa sentimita 75 hutupa kivuli cha sentimita 130 ukutani, kinachotosha dirisha la kawaida. Upande wa magharibi, jua likishuka hadi nyuzi 30, upenu huohuo hutoa sentimita 43 tu. Baraza lenye kina cha mita 2.4 hutoa karibu sentimita 139. Kwa hiyo baraza lisiwekwe mbele kwa sababu tu picha ya California inalionyesha mbele. Liwekwe linakopiga jua la jioni, hata kama ni ubavuni.

Tahadhari moja ya haraka: mwinamo huu unafaa bati, lakini vigae bapa vya udongo vinataka karibu nyuzi 35. Ukivilaza chini ya hapo, maji hupanda kinyumenyume na kuingia darini.

Sasa ncha za kenchi, zile zinazoachwa wazi chini ya upenu. Hapa ndipo mbao hufa. Ncha iliyokatwa hunyonya maji kama bua la muwa, kwa sababu mishipa ya mti yote imefunguka pale. Ukiitazama kwa karibu, rangi huanza kupasuka upande wa juu, mahali ambapo mtu aliyesimama chini haoni, na kuoza huingia ndani huku uso wa chini ukiwa bado mzima. Gamble House yenyewe ilipata shida hii: ncha zake zilitokeza kupita ukingo wa paa, zikaoza, na ukarabati wa nje wa 2003 na 2004 ulilazimika kuzishughulikia.

Dawa ni rahisi ikiwa itafanywa kabla ya kupaua. Bati lipite ncha kwa sentimita 5 hivi. Ncha ikatwe kwa mshazari, sehemu ya chini ikirudi nyuma, ili tone lidondoke badala ya kukaa. Ncha zichovywe kwenye praima ya mafuta kabla ya kupandishwa juu, kwani brashi ya fundi aliye ngazini haifiki kila upande. Mbao ziwe zimetiwa dawa ya mchwa, na kila zikikatwa upya, dawa ipakwe upya hapo. Baadaye, kila baada ya masika, chomeka bisibisi upande wa juu wa ncha; ikizama bila nguvu, mbao imeoza.

Nguzo zile pana kwa kawaida ni sanduku la mbao lililozunguka nguzo halisi. Kichwa cha kitako kikiachwa bapa, maji hutuama na kuozesha sanduku kuanzia chini. Kichwa cha kitako kiwe na mteremko wa kuelekea nje, na sanduku liachiwe matundu ya hewa chini na juu. Anayemimina nguzo ya zege na kuipiga lipu hana haja ya haya yote, ila asibandike vibao vya urembo juu yake, maana vinashika unyevu.

Ndani, makabati na rafu hujengwa pamoja na kuta, hasa kati ya sebule na chumba cha kulia, kwa kimo cha kifua, na hivyo chumba kidogo hakijazwi fanicha. Sehemu ya kuotea moto inafaa kwenye baridi kama Limuru na Njombe; kwenye joto kama Tanga iachwe.

Anayenunua ramani, kabla hajalipa, adai mchoro wa mkato wa upenu kwa skeli ya 1:10, unaoonyesha bati, gata, ncha ya kenchi na sehemu ya juu ya ukuta. Nanyi wahariri, mnapochapisha picha ya nyumba, tunaomba mchoro huo uwe pembeni yake.

Msomaji wenu,
Arusha