Nitoleeni makato ambayo sikuyaomba kwenye kadi yangu ya mkopo

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu, nina kadi yenu ya mkopo ya duka, nilifunguliwa tawi la Mwenge siku niliyochukua friza ya biashara. Naandika kulalamikia makato mliyoniwekea juu ya deni langu bila mimi kuyaomba, na itakuwa barua ndefu kidogo mnivumilie, kwa sababu kila nikipiga kastoma kea jibu ni lile lile, "mama sistimu ndo inasoma hivyo". Sasa sistimu imewekwa na watu na watu hao hao ndo wanaoweza kuirekebisha, kwahiyo nakuandikia wewe mwenye uwezo huo.

Naanza na tulichokubaliana. Friza bei ya keshi ilikuwa 900,000. Kwa kadi inakuwa 1,080,000, nalipa 90,000 kila mwezi kwa miezi 12. Hiyo 180,000 ya juu niliijua, nilielezwa vizuri, nikaikubali na mpaka leo sina neno nayo maana na nyie mnafanya biashara. Mi nauza juisi ya ukwaju na ubuyu, nauza na barafu za watoto, Manzese, na kabla sijaja kwenu nilikaa nikapiga hesabu yangu nikatoa umeme wa LUKU, nikatoa sukari, vifungashio, kodi ya kifremu, nikaona 90,000 inapatikana bila kugusa ada ya watoto. Sio 95,000, sio 100,000. Na dada wa kaunta nilimuuliza kabisa, kuna hela nyingine yoyote mbali na hii? Akasema hakuna mama, ni hiyo tu tisini kila mwezi basi.

Kumbe kwenye sistimu yenu mi nadaiwa 108,500 kwa mwezi. Sikuambiwa na mtu, nilikuja kujua nilipoenda tawini kuomba steitimenti baada ya kuona meseji za deni haziishi wakati mi nalipa. Nikasomewa: bima ya mkopaji 6,500, ulinzi wa kifaa 8,000, uanachama wa kadi 3,000, huduma ya meseji 1,000. Jumla 18,500 kila mwezi. Ukizidisha kwa mwaka ni 222,000, yaani hela ya vitu nisivyovijua inazidi hata ile faida yenu ya 180,000 mliyoniambia wazi wazi. Hapo ndo niliposhindwa kunyamaza.

Naambiwa nilikubali. Nilikubali vipi? Siku ile dada alikuwa ameshika kishikwambi anajaza yeye, mi nimekaa upande wa pili wa meza sioni kioo, akaniambia nisomee namba zilizoingia kwenye simu yako ili kadi ifunguke, nikamsomea. Leo mnasema zile namba ndo sahihi yangu ya kukubali bima na ulinzi na uanachama. Meseji ile bado ninayo kwenye simu, sijaifuta, imeandikwa namba ya uthibitisho na onyo kwamba nisimpe mtu yeyote, na hakuna mahali pameandikwa bima, hakuna pameandikwa ulinzi wala shilingi ngapi. Mkataba wenyewe ukaja baadae kwa imeili, kurasa kibao, Kiingereza mwanzo mwisho, na kwenye sehemu ya hizo huduma viboksi vimeshatiwa tiki. Mtu anayetaka mteja akubali kitu kwa hiari yake hamtilii tiki yeye. Anamgeuzia kioo, anamwambia hii ni bima, ni 6,500 kwa mwezi, inakufaa kwa hili na hili, unaitaka au huitaki, basi, dakika moja imeisha.

Simlaumu yule dada na sitaki kusikia amefukuzwa kwa sababu ya barua yangu. Ni binti mdogo, anafanya kazi kwa tageti, na aliponiona nimerudi na steitimenti alikosa raha kabisa. Walioweka tageti na walioweka zile tiki wako juu yake, na ndo naongea nao hapa.

Sasa niziangalie hizo huduma zenyewe maana mnaniambia ni kwa faida yangu. Huo ulinzi wa kifaa mnaonikata 8,000 kila mwezi unafanya kazi kwa miezi 12 ya mkopo. Friza ilikuja na karatasi ya waranti ya kiwanda, mwaka mmoja, kompresa ikifa kabla ya mwaka wanatengeneza bure. Miezi 12 ile ile. Nimesoma masharti ya ulinzi wenu, nikasaidiwa na mwanangu kwenye Kiingereza, hitilafu zinazolipiwa ni zile zile za waranti, na kuungua kwa sababu ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, kitu ambacho kila mtu wa Dar anakiogopa, wameandika kabisa kwamba hawalipi. Kwahiyo 96,000 kwa mwaka mnaniuzia kitu ambacho tayari nimepewa bure ndani ya boksi la friza.

Bima nayo hivyo hivyo. Inalipa kifo, ulemavu wa kudumu, na kupoteza ajira. Hiyo ya kupoteza ajira inataka barua ya mwajiri ya kuachishwa kazi. Mi mwajiri wangu nani? Kwenye fomu yenu wenyewe mmeandika kazi yangu "mjasiriamali", mmeandika nyie, halafu mnanikatia bima ya kufukuzwa kazi. Hata nikikosa biashara mwaka mzima siwezi kudai shilingi. Na kwenye kifo wanaolipwa ni nyie, deni lenu linafutwa, ambalo ni jambo zuri kwa familia sikatai, lakini hata hicho sikuelezwa na sina hata karatasi ya bima mkononi, sijui kampuni gani ya bima, sijui namba ya bima yangu, ningekufa mwezi uliopita watoto wangu wangeenda kudai wapi na kwa kitu gani?

Haya mambo si mageni duniani, wengine yamewatokea puani. Uingereza mabenki na wakopeshaji waliwabandikia watu bima za mikopo za namna hii kwa miaka, wakiwemo watu waliojiajiri ambao bima yenyewe ilikuwa haiwalipi, na mwisho wa siku wamerudisha kwa wateja zaidi ya paundi bilioni 38. Marekani mwaka 2012 benki ya Capital One waliamriwa kurudishia wateja kama milioni mbili dola milioni 140, sababu kubwa ni kwamba watu wao wa kastoma kea ya simu walikuwa wanawapa wateja maelezo ya uongo, wengine wakaingizwa kwenye huduma za ziada za kadi bila kukubali. Na mwaka 2014 ikafuata GE Capital Retail Bank, hawa ndo walikuwa wanatoa kadi za maduka kama hii ya kwenu, ndani ya hela walizoamriwa kurudisha dola milioni 56 zilihusu wateja laki sita na zaidi waliouziwa huduma za ziada kwa maelezo ya kupotosha. Nayaandika haya mjue kwamba ninachokilalamikia kina jina na kina historia, sio mama mmoja wa Manzese ameamka vibaya.

Lakini kilichoniuma kuliko yote ni mnavyogawa hela yangu ikishaingia, na hapa naomba meneja usome taratibu. Mi kila mwezi nalipa 90,000 kwa simu, kabla ya tarehe, miamala yote ipo. Hela ikiingia, sistimu yenu inatoa kwanza 18,500 ya makato, inabaki 71,500, hiyo ndo inahesabiwa kwenye rejesho la friza. Kwahiyo rejesho linaonekana pungufu. Likiwa pungufu mnaniandika nimechelewa, mnanipiga faini 10,000. Mwezi unaofuata inarudia. Mpaka sasa nimeshalipa miezi mitano, 450,000, nilitakiwa nibaki na 630,000. Steitimenti inasema nadaiwa 762,500. Tofauti ni 132,500, yaani 92,500 ya makato na 40,000 ya faini, na hakuna siku hata moja ambayo nimechelewa kulipa nilichoambiwa nilipe. Mmeniwekea makato nisiyoyajua, mkajilipa wenyewe kwanza kutoka kwenye hela ya friza, halafu mkanipiga faini kwa kuwa hela ya friza haikutosha. Mngeanza tu kulipa rejesho la friza, leo ningekuwa na kadi safi na mngebaki mnanidai hayo makato peke yake tukabishane nayo. Mlivyopanga nyie ni kwamba mteja mwaminifu anageuka mdaiwa sugu bila yeye kufanya chochote.

Na huo udaiwa sugu haukubaki kwenye kompyuta yenu. Kwenye fomu niliombwa namba ya mtu wa karibu, nikatoa namba ya mwenyekiti wangu wa kikoba, mama ninayemheshimu, kwa ajili nikipotea au nikiumwa. Mkampigia. Mkamwambia mwenzako halipi deni, mwambie alipe. Aliniita pembeni siku ya mkutano kabla hatujaanza kununua hisa akaniuliza kuna shida gani mwanangu mbona watu wa duka wananitafuta, mi sina hata cha kujibu kwa sababu najua nimelipa. Kikoba ndo benki yetu sisi. Jina likichafuka pale hukopeshwi, na mtu wa biashara ndogo asiyekopeshwa anafunga. Yule mama sio mdhamini, hakusaini popote, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, kwahiyo mniambie mlimweleza madeni yangu kwa ruhusa ya nani.

Sitaki mnijibu kwamba ni utaratibu wa kampuni. Benki Kuu ilitoa kanuni za kumlinda mlaji wa huduma za fedha mwaka 2019, gharama zinatakiwa kuwekwa wazi kabla mteja hajafungwa na mkataba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na FCC, yaani Tume ya Ushindani, wapo hapa hapa Dar. Bima inasimamiwa na TIRA, mamlaka ya bima. Nimekuja kwenu kwanza kwa sababu ndo taratibu na kwa sababu bado naamini yupo mtu huko ndani akiona hizi hesabu ataona aibu nazo.

Ninachotaka ni hiki. Bima, ulinzi, uanachama na hiyo ya meseji viondolewe kwenye kadi yangu kuanzia siku niliyofungua, sio kuanzia leo, nasisitiza kwa sababu kijana mmoja wa kastoma kea aliniambia anaweza kuvisimamisha kuanzia mwezi ujao lakini vya nyuma "vimeshaliwa". Faini zote nne zifutwe maana zimezaliwa na makato hayo hayo. Deni lisomeke 630,000 na nipewe steitimenti mpya yenye muhuri. Kama mmeshapeleka jina langu kwenye taasisi za taarifa za mikopo kwamba nimechelewa, likasafishwe na nioneshwe ushahidi kwamba limesafishwa. Kama bima kweli ilikatwa, nipeni jina la kampuni na namba ya bima niipeleke TIRA wanihakikishie, na kama haikukatwa mahali popote basi mniambie 6,500 yangu ilikuwa inaenda wapi. Mwenyekiti wa kikoba apigiwe simu, na mtu mzima mwenye cheo, aombwe radhi na aambiwe kwamba mimi sijawahi kuchelewa. Hilo kwangu ni kubwa kuliko hata hizo hela.

Kuna na wenzangu. Pale tawini siku ya steitimenti tulikuwa kwenye foleni, baba mmoja fundi cherehani na dada mwenye saluni, wote wana kadi, wote wanashangaa deni halipungui, tulipolinganisha karatasi tukakuta makato yale yale na faini zile zile. Wao hawajaandika, mmoja ameshakata tamaa anasema atalipa tu yaishe. Naomba mpitie akaunti zote zilizofunguliwa kwa tiki zile, msingoje kila mtu aje na barua yake, kwa sababu wengi hawataandika na nyie mnajua hawataandika.

Mi nitaendelea kulipa 90,000 yangu kila mwezi kabla ya tarehe kama nilivyoahidi, simu yangu iko wazi na friza iko Manzese inafanya kazi, sikimbii. Nawapa wiki mbili. Zikipita kimya, barua hii na steitimenti, picha ya ile meseji na orodha ya miamala vinaenda Benki Kuu, FCC na TIRA kwa pamoja.

Jibu lije kwa maandishi na kwa Kiswahili, sio kwa kupigiwa. Namba ya kadi nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mteja wenu,
Manzese, Dar es Salaam