Turubai la kulalia jangwani

Adelaide, Australia, Juni

Ami na Mama, pamoja na wote mlioko hapo nyumbani,

Assalaam aleikum warahmatullah. Shikamooni nyote. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na baridi ya huku ndiyo kwanza inaanza kukaza.

Nimeamua kuandika badala ya kutuma sauti kwa sababu Ami ameniuliza maswali ya kifundi kuhusu kitanda cha turubai nilichonunua kwa safari ya jangwani, na sote twajua Ami hasikilizi sauti inayozidi dakika moja. Mama naye aliona picha yake akauliza kwa nini watu wa huku hulala wamefungwa kama maiti mkekani. Basi nieleze moja baada ya jingine, nyoyo zitulie.

Kitu chenyewe ni swagi. Chini kina turubai zito la plastiki lisilopitisha maji, juu yake godoro la sponji la sentimita 5 hadi 7, kisha maradufu, kile kitambaa kizito cha mahema, inayofunika vyote, na zipu ubavuni. Blanketi na mto vinakaa humo humo. Asubuhi unakunja kila kitu kwa pamoja, unakaza mikanda, unatupa nyuma ya gari. Usiku unakunjua na kulala. Zamani vibarua waliokuwa wakitembea kwa miguu kutafuta kazi kwenye mashamba ya kondoo walibeba matandiko yao mgongoni hivyo hivyo, ila yao yalikuwa blanketi na kipande cha turubai tu. Za siku hizi hakuna wa kubeba mgongoni. Ya mtu mmoja ina kilo 8, 10, hata 15, na za watu wawili nyingine hupita 20. Ni kitanda cha mwenye gari.

Safari ni ya Julai, shule zikifungwa. Tuko wanawake wanne wa kazini, magari mawili. Tunatoka Adelaide kwenda kaskazini hadi Marree, mji mdogo ulio mlangoni mwa jangwa, zaidi ya kilomita 600. Ami, ni kama utoke Mombasa mpaka Nakuru, ila ukishapita miji ya mwanzo unaweza kuendesha saa nzima usione duka. Kutoka Marree lami inakwisha, tunashika njia ya vumbi ya Oodnadatta kuelekea Coober Pedy, kule watu wanakochimba mawe ya opali na wengi wao kuishi ndani ya nyumba zilizochongwa chini ya ardhi kukimbia joto. Mvua ikinyesha njia ile hufungwa, na ukikamatwa ukiendesha imefungwa, faini yake nzito. Kwa hiyo tumekubaliana kuwa wingu likitanda, tunabaki tulipo.

Lakini mvua siyo shida kubwa ya kule. Sehemu hizo hazipati hata milimita 200 kwa mwaka, na Mombasa hupata takriban 1,000. Shida ni usiku. Mchana wa Julai ni nyuzi 18 au 20, mtu anatembea na kanzu nyepesi. Jua likizama tu, ardhi inaachia joto lake lote kwa kuwa hakuna wingu la kulizuia, na kufika alfajiri imebaki 5, siku nyingine karibu na sifuri. Sisi huko kusi likivuma Julai kipimo kinacheza kwenye 20 na bado Mama anatoa blanketi sandukuni! Sasa piga hesabu mwenyewe.

Na baridi hiyo nyingi hutoka chini. Hili ndilo nililokuwa silijui kabla ya kuanza kuulizia, na ndilo wauzaji wanalolisema mwisho. Wao hukuonyesha mifuko ya pembeni, pahali pa kutundika taa, rangi. Mimi nikapiga goti juu ya godoro na kuegemea kwa uzito wangu wote. Swagi za bei ya chini, goti likagonga sakafu ya duka. Sponji ya namna ile ikishalaliwa inakuwa bapa, na ikiwa bapa haina hewa ndani, na bila hewa hakuna kinachokutenga na mchanga wa baridi. Niliyoichukua ina sponji nzito ya sentimita 7, goti liliingia likakwama njiani. Hata hivyo nitatandika mkeka wa sponji nyembamba chini yake. Muuzaji alinitazama nikiwa nimepiga magoti na hijabu yangu katikati ya duka, nadhani alifikiri naswali.

Ami, tuje kwenye kitambaa, maana najua hayo ya godoro umeyaruka.

Maradufu za huku zinapimwa kwa gramu kwa kila mita mraba. Nyepesi ni kama 300, nzito hupita 400. Zipo za pamba tupu, na zipo za pamba iliyochanganywa na polista. Ya pamba tupu inapumua vizuri zaidi, ila ni nzito, inaruka, yaani inapungua ikilowa, na ukiizembea inaoza. Ya mchanganyiko ni nyepesi kidogo na haichakai upesi. Nyingi zimefumwa kwa namna ambayo kila baada ya nafasi ndogo unapita uzi mnene, kwa urefu na kwa upana, ukitazama karibu unaona vijumba vya mraba. Kitambaa kikitoboka, mpasuko unafika kwenye uzi mnene na kusimama. Ningependa ungekishika. Kina ugumu wa yale maturubai ya malori ya Malaba unayoshona pale Changamwe, ila hakina ile harufu ya mafuta.

Mishono sasa. Nilifanya ulivyonifundisha: niligeuza nje ndani na kwenda moja kwa moja kwenye pembe. Mbele watu wote wanashona vizuri. Kuna moja ilikuwa nzuri kwa macho, ina bei ya kati, na pale zipu inapokutana na turubai la chini palikuwa na mshono mmoja tu, ncha za nyuzi zinaning'inia, na tundu za sindano zimepanuka kabla hata haijalaliwa. Nikairudisha. Niliyoinunua imepinda ukingo mara mbili na kupitishwa mishono miwili, na turubai la chini halikuishia usawa wa ardhi, limepanda ubavuni kiasi cha upana wa kiganja, kwa hiyo maji yakitiririka chini hayakutani na mshono wowote. Zipu zake ni za meno makubwa. Za meno madogo kule hazidumu, kwa sababu vumbi la njia ile ni laini kama unga, linaingia kwenye zipu na kuikaba.

Pia kuna jambo litakalokufurahisha. Maradufu mpya hailalwi papo hapo. Kwanza inakunjuliwa uani, inamwagiwa maji mpaka ilowe kabisa, inaachwa ikauke kavu, kisha inarudiwa tena. Uzi wa pamba unavimba kwa maji na kuziba tundu za sindano. Bila hivyo, mvua ya kwanza itachuruzika kwenye kila mshono, na mtu atarudi dukani kugombana bure. Sabuni hairuhusiwi hata tone, inaondoa dawa inayozuia maji. Na haikunjwi ikiwa na unyevu ikawekwa, itashika ukungu na harufu yake haitoki. Jumamosi iliyopita niliitandaza kwenye nyasi nyuma ya nyumba na kuimwagia kwa mpira wa maji. Jirani yangu, mzee wa Kigiriki, akaja kusimama ukutani na kutoa amri: huku hapajalowa, pale rudia. Nilikukumbuka sana.

Tulibishana na wenzangu kuhusu umbo. Kuna swagi bapa, maradufu inakulalia juu ya uso, huna fito wala nini. Wenyeji wa vijijini huipenda kwa sababu inakunjwa upesi na upepo hauipati. Kuna ya kuba, ina fito mbili au tatu zinazoinua kitambaa, na ndani kuna wavu wa mbu, hivyo ukifungua kifuniko unaona nyota na wadudu hawaingii. Mwenzangu mmoja alinicheka kwamba kuba ni za watu wa mjini. Mimi ni mtu wa mjini. Na nina haja zangu: nataka nafasi ya kubadilisha nguo na kufunga mtandio nikiwa ndani, zipu imefungwa, bila kujiviringisha. Kwa mwanamke mwenye kujistahi, swagi bapa ni mateso. Nimechukua kuba ya chini, fito za aluminiamu. Za faibaglasi nilizikataa, zikipasuka zinatoa vijiti vinavyochoma mkono.

Ya watu wawili niliikataa pia, ingawa nafasi yake inavutia. Unalala peke yako unapasha moto nafasi ya mtu asiyekuwepo. Futi tatu kwa saba zinanitosha.

Kasoro ya turubai zito ni pumzi. Ukifunga kila kitu kwa hofu ya baridi, hewa unayotoa usiku inagonga kitambaa kilichopoa na kugeuka maji, asubuhi unaamka blanketi limelowa na unadhani limevuja. Dawa yake ni kuacha upenyo kichwani na miguuni hata kukiwa na baridi. Kofia ya sufu ndiyo itakayofanya kazi hapo.

Mama, hofu zako. Nyoka wako, siwezi kukudanganya, na wengine wana sumu kali, lakini kipupwe huwa wamelala na hawazururi sana. Zipu itafungwa muda wote, hata mchana, na viatu vitalala ndani pamoja nami. Kuna mbwa mwitu wanaoitwa dingo. Wao shida yao ni wizi, wanabeba viatu na chakula, kwa hiyo chakula kinalala garini. Moto tutawasha mbali kidogo. Cheche ikitua juu ya hema la nailoni inaliyeyusha hapo hapo, maradufu inavumilia zaidi, ila sitaki kuipima. Maji tunabeba lita nyingi kuliko tunavyohitaji. Kama ya udhu yatakuwa ya kubania, mchanga upo, tayamamu haitakosa. Na kibla huku ni magharibi. Ninyi hapo mnaelekea kaskazini, mimi bado kuna asubuhi nikiamka nusu usingizini najielekeza kwa mazoea ya kwetu.

Tena huko jangwani hatutakuwa Waislamu wa kwanza kupita. Mwaka 1860 Wazungu walileta ngamia 24 kutoka Karachi kwa ajili ya msafara wa kuvuka bara hili, na wachungaji wao pamoja nao. Baadaye waliletwa maelfu. Wachungaji walitoka Afghanistan, Punjab na Baluchistan, watu wa jamii moja na Mabulushi wetu wa Makadara. Ngamia zao ndizo zilizobeba sufu, maji na vyakula kote huko kabla ya malori. Marree walikuwa na mtaa wao. Huo msikiti mdogo ninaoswali Ijumaa hapa Adelaide walichanga wao, ukajengwa mwaka 1888 na 1889, na minara yake minne ikaongezwa 1903. Malori yalipokuja ngamia wakaachiwa huru, na vizazi vyao viko porini mpaka leo. Mbele ya Marree kuna pahali panaitwa Coward Springs, chemchemi ya maji vuguvugu na mitende. Tutalala hapo usiku mmoja, inshallah, na kama tende zimebaki mtini nitazionja, ingawa sidhani kama msimu wake ni huo.

Bei sikuitaja kwa makusudi. Zipo za dola 150 za huku na zipo zinazopita 800. Yangu ni ya kati, na nimeilipa taslimu, Mama, si kwa deni.

Ami, nina swali moja na nataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Ile pembe ya miguuni, baada ya kumwagia maji mara mbili, bado ilipitisha kidogo nilipoijaribu. Niipake nta kwenye mshono kama ufanyavyo kwenye yale maturubai ya malori, au niimwagie maji mara ya tatu niache pamba ivimbe yenyewe? Mzee wa Kigiriki anasema nta. Mimi naogopa itaziba kitambaa kisipumue. Nijibu kwa sauti, najua kuandika hupendi, lakini usiikate katikati ukaenda kunywa kahawa.

Za ada ya mdogo wangu nimetuma Jumatatu, mwambie aangalie simu yake. Bibi mpeni mkono wangu, na mumwambie dawa ya miguu aliyoitaka nimeipata, itakuja na mtu anayesafiri Agosti.

Wasalaam,
Mwanenu