Baba, nimepata timu ya kungojea

Kent, Washington
Oktoba 17, 2022

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu, na wadogo zangu wote wasalimie. Mimi mzima, kazi inaendelea, ila moshi wa moto wa misituni umetanda hapa siku hizi na macho yanawasha.

Jumapili alfajiri nilipokupigia ulikuwa ndiyo kwanza umetoka kuswali, ukaniuliza mbona sauti imekauka hivyo, kuna msiba? Nikasema hapana, timu imefungwa. Ukanipa pole, ukauliza timu gani, mtandao ukakata. Sasa nakueleza kwa kalamu, maana kwa simu haya hayaishi.

Timu ni Seattle Mariners, mchezo ni besiboli. Najua huo mchezo huujui, lakini vumilia, kwani katika ukoo wetu wote hakuna atakayenielewa kama wewe, mtu unayeungojea ubingwa wa timu yako ya soka, Coastal Union ya Tanga, tangu 1988.

Timu mbili zinapokezana: moja inarusha na kudaka, nyingine inapiga. Mpigaji akiupiga mpira anakimbia kuzunguka vituo vinne, na akikamilisha huo ni mkimbio mmoja. Akiupiga ukavuka ukuta inaitwa homurani. Yeye na wenzake wote waliokuwa vituoni wanazunguka bila kufukuzwa na mtu. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu imekwisha. Kila timu ina zamu tisa. Kinachonipendeza ni kwamba mechi haimalizwi kwa saa. Hakuna mtu wa kujiangusha na kupoteza muda hadi refa apulize filimbi. Mkilingana baada ya zamu ya tisa mnaingia ya kumi, ya kumi na moja, mpaka mmoja azidi. Na mechi za msimu ni 162, karibu kila siku kuanzia Aprili.

Mariners wapo tangu 1977 na fainali kuu ya huku hawajaigusa hata mara moja. Mwaka 2001 walishinda mechi 116, idadi ambayo hapo nyuma ni Chicago Cubs peke yao waliwahi kuifikia, tena 1906. Wakaingia mtoano, New York Yankees wakawatoa. Baada ya hapo, miaka ishirini hawakuuona hata huo mtoano. Wakati huo, katika ligi zote nne kubwa za michezo za Marekani hakukuwa na timu nyingine iliyokuwa nje muda mrefu hivyo.

Nimeijua kupitia mzee ninayemhudumia kazini. Ameishangilia tangu inachezea Kingdome, ule uwanja wa zege walioubomoa mwaka 2000. Miguu haimsaidii tena, lakini mkono bado uko imara, na kila mechi anaiandika. Ana karatasi zenye vijumba: mistari ni wachezaji, safu ni zamu. Mtu akitolewa kwa kukosa mpira anaandika herufi K. Akipiga, anachora kistari kuelekea kituo alichofika. Mwanzoni nilikuwa namchongea penseli tu. Kufikia Juni nilikuwa naisoma karatasi yake, na mechi nzima naiona.

Huo mwezi Juni wenyewe ulikuwa mchungu. Walifika kushinda 29 na kupoteza 39, watu wakaanza kusema ni yale yale. Halafu Julai wakashinda mechi 14 mfululizo. Kuna kijana wa miaka 21, Julio Rodríguez, anatoka Jamhuri ya Dominika. Msimu wake wa kwanza tu na amepiga homurani 28, ameiba vituo 25 (yaani kukimbilia kituo cha mbele bila kungoja mwenzake apige), na anacheza huku anacheka. Mwisho wa Julai wakamleta Luis Castillo, mrushaji, Mdominika pia. Hapo hata Mzee akaanza kula vizuri.

Usiku wa tarehe 30 Septemba, Ijumaa, walikuwa nyumbani na Oakland. Ushindi mmoja tu, na ukame umekwisha. Logan Gilbert alirusha zamu nane akaruhusu mkimbio mmoja, lakini na sisi tulikuwa na mmoja. Zamu ya tisa, wawili wameshatolewa, wakamwingiza Cal Raleigh akapige badala ya mwenzake. Huyu ni mdakaji, alikuwa amekaa benchi kwa kuwa kidole gumba cha kushoto kinamsumbua. Hesabu ikajaa: mrusho mmoja zaidi na mambo yaamuliwe. Akaupiga. Mpira ukapaa ukifuata mstari wa kulia, na ukitoka nje ya nguzo hauhesabiwi, kwa hiyo hakuna aliyepumua mpaka ulipotua. Ulikuwa ndani. Baba, mtangazaji alikuwa anapiga kelele, wauguzi wakaja mbio wakidhani Mzee ameanguka, wakatukuta tumekumbatiana. Alikuwa analia. Na mimi nililia, sikuona haya, wala sioni haya kukuandikia.

Kisha Toronto, mtoano wa mechi tatu. Ya kwanza Castillo aliwafunga kamba, 4–0. Ya pili, zamu ya tano imekwisha tuko nyuma 8–1. Mtu mwingine angezima televisheni. Mzee akasema tunamaliza karatasi. Zamu ya sita tukapata mmoja, kisha Carlos Santana akapiga homurani ya mikimbio mitatu, 8–5. Wenyeji wakaongeza mmoja. Ya nane tukapata mmoja, 9–6, kisha vituo vyote vimejaa, J.P. Crawford akapiga mpira dhaifu wa juu ukaenda katikati ya uwanja. Wadakaji wawili wa Toronto, Bo Bichette na George Springer, wakaukimbilia pamoja, wakagongana, ukaanguka chini. Watatu wakaingia, 9–9! Springer alitolewa kwa kigari, nikamhurumia kweli. Zamu ya tisa Raleigh akafika kituo cha pili, Adam Frazier akapiga, Raleigh akaingia. 10–9, tumepita. Seattle siku hiyo watu walikuwa wanaangalia mechi wakiwa na viatu kichwani kwa kuomba bahati, na Mzee akaniagiza nimvalishe ndala yake.

Houston ndio waliotumaliza. Mechi ya kwanza tunaongoza 7–5, zamu ya tisa, amebaki mmoja wa kutolewa, Yordan Alvarez akapiga homurani ya mikimbio mitatu. 8–7. Hapo nilikukumbuka wewe, na ile fainali ya kombe ya Coastal na Yanga kule Arusha mwezi wa saba. Sopu, mshambuliaji wenu, kuwafunga Yanga matatu peke yake, 3–3, halafu kombe liende kwao kwa penalti! Ulinisimulia kwenye simu bao moja moja, na sauti yako haikuwa ya mtu aliyeshindwa. Sikuielewa wakati ule. Sasa ninaielewa.

Ya pili walitufunga 4–2, tena Alvarez. Ya tatu, Jumamosi, ndiyo ya kwanza ya mtoano kuchezwa Seattle tangu 2001. Ilianza saa saba mchana. Zamu yangu ya kazi iliisha saa tisa, nikabaki. George Kirby, naye msimu wake wa kwanza, alirusha zamu saba hakufungwa. Tisa zikaisha 0–0. Ya kumi, ya kumi na mbili, ya kumi na tano. Karatasi ya Mzee ikajaa, nikaunganisha ya pili kwa selotepu, tukaendelea. K zilikuwa nyingi hadi penseli ikaisha ncha. Haijawahi kutokea mechi ya mtoano iende mbali hivyo bila mkimbio hata mmoja. Zamu ya 18, Jeremy Peña wa Houston akaupiga ukavuka ukuta. 1–0. Mechi ilichukua muda wa saa sita na dakika ishirini na mbili, Baba, na kwenu kunakucha.

Mzee aliijaza karatasi mpaka kijumba cha mwisho, akaandika tarehe pembeni, akanikabidhi. Akasema mazoezi yanaanza Februari. Ana miaka 84 na ameshaanza kuhesabu miezi, na mimi nahesabu naye.

Nakutumia nakala ya karatasi hiyo humu ndani. Safu ndefu ya sifuri utaitambua mwenyewe. Pesa za miwani yako nimemtumia Mama, usizipeleke kwenye mambo mengine. Na unijibu upesi: Sopu ameenda Azam, sasa nani anafunga mabao pale uwanjani kwenu Mkwakwani? Mwaka huu mnamaliza ya ngapi?

Ni mimi mwanao.