Mpishi aliyetolewa runingani asigeuzwe kichekesho

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo lililonikaa kooni tangu Jumapili iliyopita. Katika safu yenu ya burudani, mwandishi alisimulia jinsi mshiriki mmoja alivyotolewa kwenye shindano la runinga la wapishi wa kulipwa, kisha akauliza: mtu aliyepika miaka 12 anashindwaje na kipande cha samaki? Mimi nimekula mshahara wa jikoni kwa miaka 19, mingi ya hiyo nikiwa meza ya sosi, yaani sehemu ya jiko inayotengeneza michuzi. Swali hilo nalijua jibu lake, na jibu lenyewe halichekeshi.

Nisieleweke vibaya, mashindano haya nayapenda sana. Nilianzia kwenye kanda za Iron Chef, kipindi cha Fuji Television ya Japani kilichoanza mwaka 1993. Mtangazaji wake, Takeshi Kaga, alikuwa akifunua kitambaa, kiungo cha siku kinaonekana, na kuanzia hapo wapishi wawili wana dakika 60 za kukigeuza kuwa mlo mzima. Niliirudisha nyuma kanda mara nyingi kumtazama Chen Kenichi, fundi wa upishi wa Kichina, namna mkono mmoja ulivyorusha karai huku macho yake yako kwa msaidizi anayekata. Kwa kijana aliyekuwa bado anamenya viazi, ile ilikuwa shule. Na Chen alishindwa mara kadhaa mbele ya taifa zima. Alivaa tena vazi lake la njano akarudi kupika, na heshima yake ilibaki palepale.

Sasa nije kwa samaki. Mwenzangu wa meza ya samaki, ambaye simtaji kwa kuwa hajaniruhusu, alishiriki shindano la namna hii miaka michache iliyopita. Ni mpishi ambaye usiku wa pilika hutoa sahani 80 za samaki yuleyule, na ya 80 huwezi kuitofautisha na ya kwanza. Ana mazoea ya kumtoa samaki motoni kabla hajaiva kabisa. Wasiofanya kazi hii hawajui, lakini samaki haachi kuiva kwa sababu tu ameondolewa kwenye kikaango. Joto lililoko nje ya nyama linaendelea kuingia ndani, na sehemu ya katikati inaweza kupanda nyuzi 3 au zaidi akiwa ametulia juu ya sahani. Kwa hiyo mpishi wa samaki hupika kwa kuhesabu safari: sahani inakaa muda gani kwenye dirisha la kutolea chakula, mhudumu ana hatua ngapi hadi kwa mteja. Jikoni kwetu mwenzangu aliijua safari hiyo kama anavyojua ngazi za nyumba yake.

Kule shindanoni alimtoa samaki kwa hesabu ileile. Muda ukaisha, wakaambiwa waondoe mikono. Kisha sahani zikapigwa picha, juu na pembeni, taa zikasogezwa, mshiriki wa kwanza akaitwa, wa pili akaitwa. Yeye alikuwa wa tano. Uma wa mwamuzi ulipogusa ile nyama, ilikuwa imeshapita kiwango na imeanza kupoa. Mwamuzi akasema samaki ni mkavu, na alisema kweli, maana alikuwa mkavu. Simlaumu mwamuzi aliyesema kilichoko mdomoni mwake. Lakini kipindi kilipoonyeshwa, ile subira yote ilikuwa imekatwa. Mtazamaji aliona samaki anatoka motoni, na papo hapo anaona uso wa mwamuzi umekunjamana. Angejuaje?

Kwa sababu hiyohiyo wapishi wengi huiogopa risoto, wali laini wa Kiitaliano, mashindanoni. Ikitoka motoni ilivyo sawasawa, ukiigonga sahani kwa chini inatandaa yenyewe taratibu. Ikingoja dakika chache, wanga unashika, na kinachomfikia mwamuzi ni kidongo. Nikiwa nyumbani nikamwona mshiriki anaanza risoto huku akijua ataitwa mwisho, huwa nasimama kabisa mbele ya runinga.

Kisha kuna suala la kasi. Mwandishi wenu alicheka pia mkono mzito wa yule mshiriki kwenye kukata vitunguu. Nilikumbuka msimu wa 3 wa Top Chef, shindano la wapishi la runinga ya Marekani, mwaka 2007, katika mbio za maandalizi za kupokezana. Hung Huynh alichambua kuku kwa wepesi ambao mpaka leo wapishi huoneshana, kiungo kimoja baada ya kingine, kisu kinapita kwenye maungio tu. Katika mbio hizohizo Casey Thompson alikwama kwenye vitunguu, akakata polepole mno huku wenzake wakimsubiri. Ungewatazama siku hiyo moja ungesema mmoja ni mpishi na mwingine amepotea njia. Hung ndiye aliyeshinda msimu ule. Na Casey? Naye alifika fainali. Ukishakuwa mkuu wa jiko, vitunguu hukatwa na wengine kwa miaka. Kazi yako ni kuonja, kupanga, kusahihisha, kuamua sahani itoke au irudi. Mkono unapungua kasi wakati ulimi unazidi kuwa mkali. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa tatu nilikata haraka kuliko ninavyokata leo, na chakula changu cha wakati ule nisingekubali kitoke dirishani sasa.

Lipo jambo moja katika mashindano haya linalofanana na kazi yetu halisi, nalo ndilo magazeti hulipita bila kulitazama. Msimu wa 10 wa Top Chef, timu mbili zilipewa kazi ya kufungua mgahawa. Kristen Kish alikuwa mkuu wa jiko la timu yake. Sahani iliyokuwa mikononi mwa mwenzake ilikwenda mrama. Waamuzi walipohoji, Kish angeweza kunyoosha kidole, na kila aliyekuwa akitazama alijua kielekee wapi. Hakunyoosha. Alilibeba kosa mwenyewe, akaambiwa afungashe visu vyake aondoke.

Mhariri, nilipoona vile nililia, na si mtu wa kulia mbele ya runinga. Jikoni, sahani ikirudi kutoka kwa mteja, mkuu wa jiko hasemi "ni yule kijana." Anasema "ni jiko langu," halafu usiku, milango ikishafungwa, anamwita kijana pembeni. Niliwahi kufanya kazi chini ya mkuu asiyekuwa hivyo. Kila kosa lilitafutiwa jina mbele ya wahudumu, na ndani ya miezi 6 tulikuwa tumeshahama wanne. Kish alirudi mashindanoni kupitia mchujo wa pembeni wa waliotolewa, akashinda msimu mzima mwaka 2013. Tangu mwaka 2024 ndiye mtangazaji wa kipindi hichohicho, akishika nafasi ya Padma Lakshmi. Gazeti ambalo lingeandika "Kish aaibika" asubuhi baada ya kutolewa kwake lingekuwa limeandika nini hasa?

Nirudi kwa mwenzangu. Kipindi chake kilipoonyeshwa, kipande cha sekunde chache, uma ukigusa samaki na uso wa mwamuzi, kilizunguka kwenye simu za watu. Wateja walianza kuwauliza wahudumu kama samaki wa leo kapikwa na "yule wa runinga." Wengine walicheka kwa sauti karibu na dirisha la kutolea chakula, naye yupo upande wa pili anawasikia. Mteja mmoja alirudisha sahani bila kuionja. Niliionja mimi. Ilikuwa kamili, ngozi inavunjika, nyama inachambuka kwa matabaka yake. Wiki ile aliomba ahamishiwe maandalizi ya baridi, chumba cha nyuma, kusafisha mboga na kupima viungo vya siku inayofuata. Mkuu alimkatalia mara mbili. Mara ya tatu akamkubalia.

Sisemi mashindano yasihukumu. Anayeingia amekubali kupimwa, na mwamuzi akinyamazia chakula kibaya atakuwa anatudharau sote. Ninachoomba ni kidogo na kiko ndani ya uwezo wenu. Mnapoandika habari za mashindano haya, mwambieni msomaji washiriki walipewa dakika ngapi, walipika kwenye jiko la aina gani, walijua saa ngapi kiungo chao ni kipi, na sahani ilingoja kwa muda gani kabla ya kuonjwa. Mpigieni simu aliyetolewa mumuulize alikuwa anajaribu kutengeneza nini. Mara nyingi utakuta aliyetolewa ndiye aliyejaribu kitu kigumu, na aliyebaki alipika kile anachokipika kila siku. Hiyo ni habari, na ingesomwa. Hata mwandishi wenu, ambaye kwa mambo ya muziki namsoma kila wiki na kumheshimu, akija jikoni saa moja ya jioni na kusimama pembeni mpaka oda ya mwisho itoke, nitampokea mwenyewe na nitamweleza kila anachokiona.

Mwenzangu bado yuko chumba cha nyuma, mwaka wa pili sasa. Mezani kwake tumemweka kijana anayejitahidi. Kikaango chake cha chuma, alichokuja nacho mwenyewe alipoajiriwa, hakuna anayekipikia. Kinaning'inia pale alipokiacha, na kila Jumatatu kabla ya zamu huwa nakishusha, nakipasha moto, nakipaka mafuta kisishike kutu.

Mpishi wa meza ya sosi
(jina nimelikabidhi kwa mhariri)