PLE haipimi akili yote

Mhariri,

Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, yakitoka, husikika maneno yale yale: aliyepata jumla ya 4, iliyo bora kabisa, ana akili, wa 30 hana. Ajabu, maana Kiswahili kinatenganisha haya vizuri. Mwerevu wa hesabu huenda hana busara ya kunyamaza, na mjanja wa sokoni si lazima awe na hekima ya kusuluhisha wagomvi. PLE hupima masomo manne, kwa maandishi, kwa Kiingereza, saa ikihesabiwa.

Vipimo vya akili navyo vilianza na kazi ndogo. Mwaka 1905 mjini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga maswali ya kutambua watoto wanaohitaji msaada shuleni. Baadaye umri wa akili ukagawanywa kwa umri wa kuzaliwa, mara 100: mtoto wa miaka 8 akiweza maswali ya wa miaka 10 hupata 125. Kwa mtu mzima hesabu hiyo huharibika, kwani miaka huongezeka ilhali alama hazipandi. Ndiyo maana siku hizi mtu hulinganishwa na rika lake: wastani ni 100, na takriban theluthi mbili huwa kati ya 85 na 115.

Rika la wapi, lakini? Kipimo kilichosanifiwa kwa watoto wa Uingereza kikiletwa Masaka bila kusanifiwa upya, humlinganisha mtoto wetu na wa huko. Kasi nayo ni tatizo. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mallory Wober aligundua kwamba wanavijiji Waganda walihusisha obugezi, yaani akili kwa Kiganda, na utaratibu na uangalifu, si haraka. Mtoto aliyelelewa hivyo hukagua jibu mara mbili, kengele ikamkuta swali la 20.

Basi anayepima afanye mifano miwili mitatu kabla ya kuanza saa. Kwenye picha yenye pengo, asiyewahi kuona zoezi la aina hiyo anaweza kuchagua kipande kinachompendeza badala ya kinachofaa. Maswali yakitafsiriwa kwa Kiganda, mtu mwingine ayarudishe Kiingereza bila kuona ya awali; yakitofautiana, yarekebishwe. Muda ukiisha, piga mstari, mwache amalize kwa kalamu ya rangi nyingine, uandike alama zote mbili.

Wapo wanaokimbilia akili za aina saba alizozitaja mwanasaikolojia Howard Gardner mwaka 1983. Zinapendeza, ila hazina kipimo kinachokubalika kama vile vya akili nilivyoeleza. Kumwambia mtoto ana “akili ya muziki” ili aachwe na hesabu zake ni kumdhulumu vilevile.

Mwalimu wa saikolojia,
Kampala